Mdomo Usiokaguliwa

Tulipoachana wiki iliyopita, msomaji, mkono wa mlinzi wa geti ulikuwa ndani ya mfuko wangu wa nguo chafu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

Mkono ulitoka na shati la mdogo wangu, lile la mistari, chafu, bado lina jasho lake. Kutoka mfuko wa kifuani mlinzi akachomoa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, imekunjwa ndogo kama jino. Akaikunjua kiganjani.

Vidonge. Vidogo, vyeupe.

"Haya, mama huruma," mlinzi alisema. "Kila siku ya kuona wagonjwa unakuja na mkate mkononi. Kumbe mkate ni danganya toto."

"Si vyangu."

"Wote husema hivyo. Ningekuwa wewe, hata mimi ningesema hivyo."

"Mzee wangu, si wewe uliyenipekua nikiingia? Mpaka mkate ukaubonyeza!"

Nilimwona anapima. Ama mimi ni mjanja, ama yeye ni kipofu. Akachagua upesi.

"Nilibonyeza mkate," alisema. "Moyo wako sikuubonyeza."

Watu kwenye foleni ya kutoka wakageuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinisalimia kila wiki akavuta kikapu chake upande wa pili, kana kwamba ubaya wangu ungerukia humo.

Kwa uliyejiunga nasi leo, nikuambie upesi. Mdogo wangu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kinyozi kwa sababu ya kazi yake, alikuwa amelazwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Sauti zilikuwa zinamjia. Akavuta bangi kuzifukuza, bangi ikazialika nyingine. Siku tuliyompeleka hospitali, tulikuwa tumemkuta chooni na wembe wake wa kazi, na hakuwa na mteja.

Wodini alianza kurudi. Akawa anacheka tena, kile kicheko chake cha kuanzia puani, ambacho mpaka leo nikikisikia kwa mtu mwingine barabarani huwa nageuka.

Kisha wodi ikaingia mdudu. Wagonjwa wakaanza kulewa bila chupa. Mtu anaongea na ukuta huku anatabasamu, mwingine analala na kijiko mdomoni. Vilikuwa vidonge vya usingizi, vinavyokusanywa na kumezwa vingi kwa mpigo. Wagonjwa walivipa jina: mito. Kidonge kimoja, mto mmoja.

Mdogo wangu mwenyewe alikutwa amelewa. Na mgonjwa wa kitanda cha pili yake, aliyeitwa Dereva, alilala asiamke. Wakamkimbiza kwenye chumba cha mahututi, na hadi siku hii ninayokusimulia alikuwa bado huko, mashine inampumulia.

Hospitali nzima ikawa inauliza swali moja: nani anaingiza mito wodini?

Na sasa jibu lilikuwa limetoka mfukoni mwangu.

*

Ofisi ya Daktari ilikuwa na meza moja, viti vitatu na dirisha la kioo linalotazama wodi. Sista Mkuu alisimama mlangoni mikono kifuani. Ni yeye aliyekuwa akinipokea kwa "karibu mwanangu". Leo hakunikaribisha.

"Nilikuwa nakuombea," alisema. "Nikisali, nakutaja. Na wewe unamlisha ndugu yako sumu."

"Sista, naapa—"

"Usiape. Mungu ana kazi nyingine."

Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye tabia ya kukodoa macho anapofikiri. Alimimina vile vidonge juu ya karatasi nyeupe. Havikumiminika. Vilidondoka kama donge moja, vimegandana.

Akakichukua kimoja kwa kibanio. Akakigeuza kwenye mwanga.

"Sista, njoo uone. Maandishi yamefutika."

"Vya bandia?"

"Hapana. Vimelowa. Vikakauka. Vikalowa tena." Aliinua macho. "Hivi havikutoka dukani. Vimetoka mdomoni mwa mtu."

Daktari akanigeukia.

"Dada, mlinzi alikukuta unaingia au unatoka?"

"Natoka. Kwenye kuingia alinipekua, hakukuta kitu."

Daktari akaketi taratibu.

"Basi tumekuwa tukilinda mlango kwa mgongo," alisema. "Tunatafuta nani anaingiza. Hakuna anayeingiza. Vidonge ni vyetu. Mtu anapewa hapa, hamezi, anavificha. Vingine vinaliwa humu humu. Na vingine vinatoka nje na nguo chafu."

Nilipumua. Lakini pumzi haikufika mbali, kwa sababu wazo lingine lilinijia.

Nguo chafu huwa nazibeba mimi. Lakini nikifika getini hazikai mkononi mwangu. Mume wangu huwa ananisubiri na pikipiki yake, na neno lake la kwanza, kabla ya pole, kabla ya mdogo wako anaendeleaje, ni hili: "Lete mfuko."

Mwanzoni alikuwa hataki hata kusikia habari za hospitali. "Ndugu yako mwenda wazimu atatumaliza," alikuwa akisema. Kisha ghafla akageuka malaika. Nisipotaka kwenda, yeye ananihimiza. Mwenyewe nilijisifu kwa majirani kwamba nimepata mume.

Msomaji, wewe pengine ulimshuku tangu wiki ya kwanza. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

"Haiwezekani," Sista Mkuu alikuwa akisema, sauti imepanda. "Daktari, humu hakuna anayeficha dawa. Nasimama mwenyewe na tochi. Natazama chini ya ulimi, natazama mashavuni. Mdomo wa mgonjwa wangu naujua kuliko mkewe anavyoujua."

"Ni saa ya dawa sasa," Daktari alisema. "Nenda kagua kama kawaida. Sisi tutatazama hapa dirishani."

*

Wagonjwa walijipanga. Sista Mkuu alisimama nyuma ya toroli la dawa, tochi mkononi.

"Fungua. Inua ulimi. Shavu hili. Na hili. Pita."

"Sista, ukiliona ini langu huko chini nisalimie," mmoja alisema.

"Limesema upige mswaki. Pita."

Mwingine alimeza, akafungua mdomo kabla ya kuambiwa, akang'ang'ania kuonyesha mpaka koo. Mwingine alitaka kulia, akabembelezwa. Kila mdomo ulikuwa mtupu.

Kinyozi akafika. Alikuwa amekonda shingo, lakini nywele amezichonga vizuri. Hata mahali pale hakukubali kuonekana hovyo. Alikuwa ndiye anayewanyoa wenzake kwa mashine ya umeme, mbele ya muuguzi, na Daktari alisema kazi ile inamponya kuliko dawa.

"Fungua," Sista alisema, na sauti ilikuwa na meno.

Akafungua. Tochi ikakaa humo muda mrefu. Ikatafuta kila kona.

"Pita," Sista alisema, kama mtu aliyekosa alichokuwa na uhakika nacho.

Nyuma ya Kinyozi alikuja mzee mrefu, mvi kichwa kizima, amefunga vifungo vyote vya shati la hospitali mpaka shingoni. Wodi nzima ilimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha shule za eneo lile mpaka alipostaafu, na huzuni ikamlaza baada ya hapo.

"Shikamoo Mwalimu," Sista alisema, na tochi ikashuka.

"Marahaba, binti. Umekula leo?"

"Nimekula, Mwalimu."

"Kula. Kazi yako inataka nguvu."

Akapokea kikombe cha dawa, akanywa maji, akapangusa midomo kwa leso, akapita. Sista akawasha tochi kwa anayefuata.

"Wote safi," mlinzi alisema nyuma yetu; alikuwa amejipenyeza kuja kutazama. "Nilisema mimi. Ni huyu mama."

Daktari alikuwa amekodoa macho. Mimi mwenyewe nilikuwa naona kitu bila kukiona, kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni pake.

Sista aliporudi, Daktari alimuuliza taratibu.

"Yule uliyemwamkia, ulimkagua?"

"Yupi?"

"Mwalimu."

Sista alimtazama kama ametukanwa.

"Daktari! Yule ndiye aliyenishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Nimwambie afungue mdomo nimmulike kama mbuzi mnadani?"

"Wauguzi wengine je, ukiwa haupo zamu?"

Sista akaigeuza tochi mkononi.

"Ana meno ya bandia," alisema mwishowe, chini kabisa. "Utamwambiaje mzee avue meno mbele ya vijana?"

"Usijilaumu," Daktari alisema. "Mimi mwenyewe nimemtazama akipita sasa hivi, na kwa muda huo nikaangalia viatu vyangu."

Na mimi pia. Mlinzi pia. Shaka yetu, iliyokuwa imepekua mikate na mashavu na mifuko, ilifika kwenye mvi ikapiga magoti.

*

Mwalimu aliketi kwenye kiti cha katikati kama aliyekuja kukagua shule.

"Mnataka nivue meno," alisema.

"Tunakuomba, Mwalimu," Daktari alisema.

"Mtu aliyenivua meno mara ya mwisho alikuwa marehemu mke wangu, nilipokuwa na homa. Hata yeye alizima taa kwanza."

Sista alikuwa analia tayari, bila sauti.

"Basi geukeni," Mwalimu alisema.

Tukageuka. Naomba uione picha hii: daktari, sista mkuu, mlinzi na mimi, tumeupa uso ukuta kama watoto waliochelewa darasani. Nyuma yetu kikombe cha bati kikalia *kling*. Ndipo nilipong'amua ujinga wetu. Kama alikuwa na kitu, tumempa mgongo akimeze.

"Tayari," sauti ilisema. Haikuwa sauti ile ile. Ilikuwa laini, inapuliza, sauti ya mzee kweli.

Tukageuka. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Kikombe kilikuwa mezani, na meno ndani yake. Na juu ya meno, kwenye lile paa jekundu la bandia linalokaa kwenye ufizi, kidonge cheupe kilikuwa kimegandia. Hakukigusa.

"Ungeweza kukimeza," Daktari alisema.

"Ningeweza. Nilikuwa namsubiri mtu wa kuniuliza. Hakuna aliyeniuliza. Kila mmoja shikamoo, shikamoo."

"Unavitumia mwenyewe?"

"Mimi nalala mno, na bado mnanipa dawa ya usingizi. Kulala ndiko kulikonileta hapa." Akapangusa mdomo kwa leso. "Nampa Kinyozi. Akininyoa navua meno, namkabidhi ayashike ndani ya leso. Wote mnaangalia pembeni, mnaona haya. Humo humo mbele yenu, mchana kweupe."

"Na yeye anampelekea nani?"

"Aliniambia yuko mtu nje ambaye halali. Tangu alipofiwa halali. Alilia, yule kijana, mashine inanguruma mkononi."

"Jina?"

"Sikuuliza. Nami nimefiwa. Mtu asiyelala haombwi kitambulisho."

"Mwalimu," Daktari alisema, na upole wake ulikuwa umekaza, "basi Dereva alivikuta vidonge hivyo kitandani kwa jirani yake, Kinyozi. Akavimeza vyote."

Mzee yule alichukua leso akajifunika mdomo wote, na hakuiondoa tena. Sista ndiye aliyempeleka kitandani, amemshika mkono.

*

Walimleta mdogo wangu. Aliona kikombe mezani, akaelewa.

"Ni vyangu," alisema kabla hajaulizwa. "Vyote vyangu. Mlevi ni mimi."

"Na ulikutwa umelewa, kweli," Daktari alisema. "Vichache ulikunywa mwenyewe, vingine ukawagawia wenzako."

"Mchovya asali hachovyi mara moja, daktari."

"Lakini vilivyokuwa kwenye shati vilikuwa vinatoka nje. Vinakwenda kwa nani?"

Kinyozi akatazama dirisha.

"Ni shemeji yako?" nilimuuliza. Ilinitoka tu.

Kinyozi alinikazia macho. Kisha akacheka, kile kicheko cha puani.

"Dada, mumeo akimeza panado anahitaji kusindikizwa."

"Usinichekee! Nimevuliwa nguo getini kwa maneno. Nani?"

Kicheko kikafa.

"Dada, chukua nguo upeleke nyumbani kama siku zote. Usiniulize. Nakuomba kwa kaburi la baba, usiniulize."

Daktari alivuta kiti mbele yake.

"Sikiliza, ndugu yangu. Simtafutii mtu jela. Huyo anayevinywa, anavinywa kila siku bila mtu kumpimia. Ipo siku atazidisha alale kama Dereva. Na akiviacha ghafla anaweza kuanguka kifafa. Anahitaji tiba kuliko wewe. Nitajie, nimsaidie, na wewe ubaki hapa upone. Usiponitajia, wakubwa wangu hawataniuliza mara mbili. Kesho asubuhi unarudishwa nyumbani."

"Nirudishwe," mdogo wangu alisema.

Aliinuka mwenyewe, akamfuata muuguzi. Kidole gumba chake kilikuwa kinasuguasugua kifundo cha mkono mwingine, pale panapopita mshipa, taratibu, kama anatafuta mahali.

Niliona. Daktari naye aliona.

"Akienda nyumbani atakufa," nilisema.

"Najua." Alitoa kichupa kwenye droo. "Hivi ni vitamini. Vinafanana." Akavifunga kwenye ile karatasi ya kung'aa, akaikunja ndogo kama mwanzo, akairudisha kwenye shati la mistari. "Nenda kama siku zote. Usiseme, usiulize. Tazama tu ni mkono wa nani utaingia mfuko huu. Jioni nitakupigia simu. Nipe jina, na mdogo wako anabaki."

*

Mume wangu alikuwa getini, amekaa juu ya pikipiki.

"Umechelewa leo," alisema. "Lete mfuko."

Ona sasa.

Niliutoa. Akaupachika mbele yake, juu ya tangi, akawasha. Njia nzima niliutazama mgongo wake. Nilikuwa nimeulalia mgongo ule miaka mingi. Siku hiyo ulikuwa ukuta wa nyumba ya mtu nisiyemjua.

Hatujafika mbali, akasimama kando ya duka.

"Ngoja hapa."

"Unakwenda wapi na mfuko?"

"Nakuja."

Akaingia nao dukani. Niliona kisogo chake kikiinama. Niliona mkono ukiingia mfukoni. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kukimbia, na nitakuambia ukweli, nilitaka pia kushangilia: amepatikana, mdogo wangu amepona.

Akatoka anatabasamu.

"Twende."

"Umefanya nini na mfuko?"

"Mfuko?" Akaufungua, akanionyesha. Juu ya nguo chafu palikuwa na mche wa sabuni. "Sabuni. Nisingeitia humo ningeiweka wapi, kichwani?"

Nikajifanya napanga nguo. Vidole vyangu vikagusa shati la mistari. Karatasi ilikuwepo, imekunjwa vile vile.

Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka pikipiki ikayumba.

"Wewe vipi leo? Wamekulaza na wewe?"

"Samahani, mume wangu."

"Samahani ya nini?"

"Ya hivyo hivyo."

Akacheka. Kisha, akipandisha sauti juu ya mlio wa injini, akasema neno ambalo yeye alilidhani la kawaida.

"Mama yako ataninunia tumechelewa. Kila siku ya hospitali ananipigia: mkwe, mfuko umeuchukua? Mkwe, usiuache mfuko. Unadhani nilikuwa nakuja kukusubiri kwa mapenzi? Naogopa simu za mama mkwe!"

Upepo uliniingia kinywani.

*

Mama alikuwa uani, beseni la maji limeshajaa. Tangu baba afariki, hakuruhusu mtu mwingine kufua nguo za Kinyozi. "Mwanangu yuko mbali, jasho lake ndilo ninaloweza kulishika," alikuwa akisema, na sisi tulifuta machozi, tukamwachia. Nani angebishana na mama juu ya jasho la mwanawe?

"Karibu mwanangu. Poleni na safari. Mkwe wangu yuko wapi?"

"Anaegesha pikipiki. Shikamoo mama."

"Marahaba. Lete, lete."

Akaketi kwenye kigoda. Hakumimina nguo kama mtu anayekwenda kufua. Alipeleka mkono moja kwa moja kwenye shati la mistari, kwenye mfuko wa kifuani, bila kutazama, jinsi mtu anavyoshika swichi ya taa chumbani mwake. Karatasi ikang'aa mara moja juani na kupotea kwenye pindo la nguo yake.

Kisha akachukua sabuni.

"Mama."

"Abee."

"Nimeona."

Alisugua kola ya shati. Alisugua muda mrefu.

"Umeona nini?"

"Mama, Dereva yuko mahututi. Mwanao anafukuzwa kesho. Kwa ajili ya hivyo vilivyo kwenye pindo lako."

Mikono ikasimama ndani ya povu.

"Baba yako alikuwa anakoroma," alisema. "Miaka yote nilimlalamikia. Sasa kitanda kiko kimya, nasikia mpaka panya wanavyopumua. Nilimwambia mdogo wako siku ile uliyonipeleka kumwona. Nilimwambia tu, mwanangu, mama halali. Sikumwomba. Yeye mwenyewe akanitilia kimoja mkononi. Usiku ule nikalala, mwanangu. Nililala! Asubuhi nilipoamka nilikuwa nimesahau kwa dakika nzima kwamba baba yako amekufa."

Nilipiga magoti kwenye tope la beseni. Nilitaka kumshika. Lakini yeye alikuwa ameshafungua pindo, haraka, na kabla sijasema neno alikuwa ametia kidonge mdomoni.

Akatulia. Ulimi ukazunguka.

"Hiki si chenyewe," alisema. "Chenyewe kinachoma. Hiki kitamu."

Akanitazama. Katika maisha yangu yote mama alikuwa amenitazama kwa hasira, kwa mapenzi, kwa uchovu. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza alinitazama kwa shaka.

"Nani amevibadilisha? Umetumwa?"

Simu ikalia mfukoni mwangu.

"Usipokee."

Nikapokea.

"Dada," sauti ya Daktari ilisema, "umeona mkono?"

"Nimeona."

"Niambie. Gari la kumrudisha mdogo wako limeshaandikiwa. Nikiwa na jina nalisimamisha sasa hivi. Ni nani?"

Mama alinidaka mkono. Kiganja chake kilikuwa na povu, na kilikuwa na nguvu nisizozijua. Akaleta mdomo sikioni kwangu. Pumzi yake ilinukia ule utamu wa vitamini.

"Mtaje mumeo," alinong'ona. "Mwanaume atavumilia. Mimi wakinifungia wodini sitatoka. Mtaje mumeo, mwanangu. Hawatamuuliza mama mzima kuhusu mfuko wa nguo."

"Haloo?" Daktari alisema. "Dada, bado upo?"

Nikainua macho. Kwenye mlango wa uani mume wangu alikuwa amesimama, ufunguo wa pikipiki unaning'inia kidoleni. Sikujua amesimama pale tangu lini. Hakuwa anatazama simu. Alikuwa anatazama midomo yangu, kama Sista anavyotazama nyuma ya toroli lake.

Nikafungua mdomo.